Aliyeshika Tama

Jumanne, tarehe kumi na tatu Julai, mwaka wa sabini na sita, mke wangu Akurut alinifia mgongoni, juu ya baiskeli yangu, hapa Malaba, mbele ya gogo lililolazwa barabarani na watu wanaosema wanatulinda.

Siku chache kabla, Kassim, mwenye lori, aliniletea picha iliyoachwa ng'ambo ya mpaka na Wahindi waliofukuzwa. Yeye hakutaka sura ya mtu ukutani mwake. Haikuwa na rangi, mistari tu, myembamba kama nywele: mzee peku amekaa chini ya ukuta uliobomoka, fimbo imelala kando, shavu limezama kiganjani. Nyuma yake mistari ilisongamana ikawa giza.

"Kazi ya Wazungu wa kale," Kassim alisema. "Amechoka safari, anapumzika."

Nikaitundika. Akurut aliingia na mtungi kichwani, akasimama.

"Baba Benta, huyu ameshika tama. Nani amekufa humu?"

"Amepumzika tu."

"Anayepumzika hulala. Kwetu, anayeshika tama pasipo msiba anauita. Mtoe."

"Mzungu wa karatasi! Huo msiba utapitia wapi, na mpaka umefungwa?"

Alicheka. Lakini tangu hapo alikula akiipa picha ile mgongo.

Jumanne hiyo asubuhi, mimba ilimgeuka, damu ikamtoka. Hospitali ya karibu ilikuwa ng'ambo. Nilimfunga kwa leso kiunoni mwangu, nikakanyaga pedali kama mwendawazimu hadi penye gogo, kwa askari wa zamu.

"Afande, mke wangu anakufa."

"Amri ya kufungua haijafika, mzee."

"Itafika saa ngapi?"

"Kwani naitoa mimi? Waulize wakubwa."

Akarudi kwenye ukuta wa kibanda chake, akavua buti, akaiegemeza bunduki, akalaza shavu kiganjani. Nilimtambua. Papo hapo kichwa cha Akurut kikanilemea mgongoni, kizito kuliko mwili wake wote.

Fahali wawili walipigana, nyasi tukaumia. Hayo tumezoea kuambiwa. Lakini kwenye matanga sikuona fahali hata mmoja. Picha niliichoma siku hiyohiyo.

Mpaka ulifunguliwa, ukafungwa tena, kama mlango wa mlevi. Jana binti yetu Benta alirudi kutoka kwa mumewe kule Mundika, aje kujifungulia nyumbani mtoto wake wa kwanza. Tumbo limetangulia, miguu imevimba. Gogo bado limelala barabarani.

Leo adhuhuri alinipigia kelele kutoka jikoni: "Baba! Toa mkono shavuni!"

Nikajitazama. Nilikuwa nimekaa chini ya ukuta, peku, fimbo imelala kando.

Picha ni majivu. Akurut tulishamlilia, machozi yakakauka. Basi mkono huu ulipanda shavuni kwa ajili ya nani?