Ulimi wa Korane

Mwaka ule wa hamsini na tatu, hapakuwa na mkalimani aliyeaminiwa pale Wajir kama Korane. Wazee walimwaga Kisomali chao chote, naye akakigeuza Kiswahili mbele ya Bwana Disii, mkuu wa wilaya, bila kutia wala kutoa. Kisha lori lililokuwa likimrudisha kutoka Garissa likapinduka kabla ya Habaswein, na Barre, rafiki yake tangu utotoni, akakata roho amemshika mkono.

Mbavu za Korane zilipona hospitalini, lakini usingizi haukurudi. Kila akifumba macho alimwona Barre. Daktari akamwandikia vidonge vya usingizi, avitumie mpaka apate nguvu. Nguvu alizipata, vidonge hakuviacha. Kimoja kiliposhindwa kumlaza alimeza viwili, na dereva mmoja akawa anamletea chupa nyingine kwa siri. Akawa anakwenda kazini ulimi mzito, kichwa kama kimefungwa blanketi.

"Ni dawa ya daktari," alimjibu mkewe, Kinsi, kila alipomuuliza. "Mimi si mlevi."

Siku moja watu wa Mzee Abdille na watu wa Mzee Kulow waliletwa barazani kwa ugomvi wa kisima. Abdille alisema, "Ngamia zao wanywe, lakini baada ya zetu." Korane, akipigana na kope zake, alitafsiri nusu ya kwanza tu. Bwana Disii akafurahi, akawaruhusu watu wa Kulow waende kunywesha. Kesho yake fimbo zilitembea kisimani, na mpwa wa Abdille akavunjwa mkono.

Abdille alikuja hadi mlangoni kwa Korane. Hakupiga kelele.

"Maneno yangu uliyapeleka wapi?"

 Mzee alipoondoka, Korane aliingia ndani akampa Kinsi ile chupa. "Ifiche. Hata nikikulilia, usinipe."

Kinsi akaificha. Korane akaanza kutetemeka, jasho likimtiririka, na siku ya pili akaanguka chini, mwili ukakakamaa na kurukaruka. Majirani walisema ni jini. Kinsi alikimbia kumwita Noordin, dresa, msaidizi wa daktari hospitalini. Noordin alimlaza ubavu mpaka mwili ukatulia.

"Kulikuwa na dawa aliyokuwa akinywa?"

Kinsi alimwonyesha chupa. "Nilimnyima. Nimemuua?"

"Hapana, mama. Mlitaka jambo zuri, ila dawa hii haiachwi ghafla. Mwili umeizoea, unapunguziwa polepole."

Daktari wa hospitali alikubali. Noordin akawa anamega vidonge kwa wembe, vipande vikizidi kuwa vidogo, na Kinsi ndiye aliyevitunza. Haikuwa kazi nyepesi. Kuna siku Korane alimkazia mkewe macho ya chuki.

"Nipe kingine kimoja tu."

"Sikupi."

"Unavyo!"

"Ninavyo. Na sikupi. Kaa hapa, niambie habari za Barre."

Mwanzoni alikataa. Baadaye akasimulia: walivyochunga pamoja, walivyoiba maziwa ya shangazi, na ule mkono ulivyopoa ndani ya mkono wake. Alilia, na Kinsi alilia naye. Kutoka hapo wakawa wanamtaja Barre hata wakati wa chai, na mara nyingine wakacheka.

Alasiri moja, baada ya sala, Korane alijinyoosha mkekani bila kumeza kitu. Alipofumbua macho jua lilikuwa limeshuka.

"Kinsi, nimelala?"

"Walahi, umekoroma mpaka mbuzi wakashtuka."

Hapo ndipo alipopata moyo wa kwenda kwa Abdille kumweleza yote, kisha kwa Bwana Disii. Bwana Disii alimsimamisha kazi. Abdille alimkaribisha maziwa.

Mvua ziliponyesha, Korane alikuwa ameshaacha hata vipande. Shauri la kisima likarudi barazani, na Abdille akakataa mkalimani mgeni. "Mwiteni Korane," alisema, naye Bwana Disii akakubali.

Korane alisimama mbele ya wazee wote, macho yakiwa maangavu. Kulow alizungumza kwa kasi, akachanganya hili na lile. Wakati wa vidonge Korane angejifanya ameelewa. Sasa aliinua mkono.

"Adeer, mzee wangu, samahani. Hapo mwisho sikukusikia vizuri. Rudia."

Kulow akarudia.