Naunga Mkono, Tuendelee

"Neno hilo si langu," nikasema, na wazee waliokaa sebuleni kwa baba mdogo Yohanes wakaacha kuongea.

Kibuyu cha pombe ya asali kilikuwa mezani, kimeshafunguliwa. Nyumbani kwetu posa huja na kibuyu, na mwenye nyumba akishaonja, jibu limetoka. Baba mdogo alionja Ijumaa, tena kwa furaha, baada ya kusoma kwenye simu kwamba mimi Octavian, mtoto mkubwa wa marehemu kaka yake, nimeridhia. Leo Jumapili wageni walikuwa wamerudi Nangwa kupanga siku. Binti mwenyewe ni Oliva, mdogo wangu wa mwisho. Alikuwa jikoni, na mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo.

Mzee Sulle, msemaji wa upande wa mwanamume, alinitazama kama anayemtazama mtu aliyelewa asubuhi.

"Simu ni ya nani, kijana?"

"Yangu, mzee."

"Na jina lililoandika?"

"Langu."

"Sasa neno litakuwa la nani, la jirani?"

Wakacheka. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Nina duka la pembejeo Mbulu mjini. Watu huniandikia kutwa nzima: mbegu ipo? Dawa ya kupe ipo? Mteja mmoja akanionyesha kiprogramu cha kuongezea juu ya WhatsApp. Unakiwekea maneno, nacho kinajibu chenyewe. Loo, kilinifaa! Nisikisingizie, kilinifaa sana. Mimi napima mbegu, simu inajibu wateja, tena kwa adabu kunishinda.

Ubaya wa vitu hivi, kimoja hakikai peke yake. Nikaongeza cha kupamba maandishi. Nikaongeza cha sala ya asubuhi, na cha kunionyesha nani kachungulia picha zangu, na kingine cha kunikumbusha siku za kuzaliwa za watu nisiowajua hata sura. Simu ikawa nzito, inapata moto mfukoni, inanitangazia nywele za bandia mimi mwenye upara. Na bado sikufuta hata kimoja.

Kisha nikakifungulia kile cha kujibu mlango wa kundi la ukoo. Maswali ya kule hayaishi. Pasaka tuchinje kondoo au mbuzi, Octavian unaonaje? Kikao kiwe Katesh au Gehandu, Octavian unaonaje? Nikakifundisha: ukiona jina langu na "unaonaje", jibu "Naunga mkono, tuendelee." Ukiona msiba, toa pole, maneno utunge mwenyewe. Ukiona mtoto kazaliwa au kafaulu, toa hongera na uweke maua. Haukupita mwaka nikawa mtu wa mfano. Shangazi zangu walikuwa wakiwaambia watoto wao, mwigeni Octavian, yuko mbali lakini hasahau ukoo. Sifa zile nilizipokea, nikanyamaza nazo.

Oliva alinipigia mwezi wa tano. Alikuwa bado hajamaliza chuo cha uuguzi.

"Kaka, kuna watu wa Hirbadaw wanataka kuja kwa baba mdogo," akasema. "Sina ubaya na huyo mwanamume, ila kwa sasa sitaki. Nikiolewa leo, chuo ndiyo basi tena. Wakikuuliza, sema wasubiri nimalize. Wewe wanakusikiliza."

"Usiwe na wasiwasi," nikamwambia. "Hilo niachie mimi."

Ijumaa ile baba mdogo akaandika kundini kwamba wageni wamefika, kibuyu kiko mlangoni, Octavian unaonaje? Mimi nilikuwa nashusha mifuko ya chakula cha kuku, simu iko juu ya kaunta. Ikajibu yenyewe. Naunga mkono, tuendelee. Ikaongeza na maua.

Oliva hakulia aliponipigia. Alisema tu, "Kaka, nilikuomba neno moja," akakata. Nimeshatukanwa na watu wengi, lakini hakuna aliyewahi kuniumiza hivyo.

Ndiyo maana Jumapili ile nilikuwa nimesimama mbele ya wazee, jasho linanitoka kwenye baridi ya Nangwa, nikieleza kiprogramu ni nini. Maneno hayakutosha. Nikaiweka simu yangu mezani na kumwomba baba mdogo aandike jina langu na "unaonaje". Akaandika polepole kwa kidole kimoja. Simu yangu ikalia, ikajibu, na hakuna mkono ulioigusa. Safari hii hawakucheka.

"Kumbe tumejibiwa na mdudu," akasema mzee Sulle. "Haya, wewe sasa, kwa mdomo wako, unasemaje?"

"Nasema asubiriwe amalize chuo, mzee. Akimaliza, mje mumuulize mwenyewe."

Mzee Sulle akavuta kibuyu, akakiziba, akamwambia baba mdogo kwamba yeye hawezi kumshika mtu kwa neno la mdudu. Jikoni nilisikia sufuria ikiwekwa chini. Nikashusha pumzi nikidhani yamekwisha.

Baba mdogo alikuwa bado ameshika simu yake. Alikuwa akipandisha meseji za nyuma.

"Octavian."

"Naam, baba."

"Na hii ya Februari?"

Februari ndipo alipofariki mke wake, mama Verediana. Sikwenda kuzika. Ulikuwa msimu wa viwavi, wakulima wamejaa dukani wanataka dawa, na nilipofungua simu jioni nilikuta pole imeshakwenda, ndefu na nzuri. Nikaona kazi imefanyika, nikaenda kula.

"Hii katekista aliisoma kaburini," akasema. "Watu walilia. Mimi mwenyewe huwa naifungua nikizidiwa. Nasema, mtoto wa kaka yangu hakupata nafasi ya kuja, lakini moyo wake ulikuja." Akanigeuzia kioo nione. "Hii uliandika wewe?"

Kusema ndiyo kulikuwa rahisi, na yeye alitaka nimwambie ndiyo. Lakini Oliva alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina unga. Kama hiyo ilikuwa yangu, basi na ile ya Ijumaa ilikuwa yangu.

"Hapana, baba."

Wazee wakaangalia viatu vyao. Nimewahi kuona aibu, lakini siku hiyo niliona aibu hata ya kuwa na mikono, sikujua niiweke wapi. Baba mdogo aliilaza simu juu ya goti lake, kioo chini.

"Basi nipe sasa," akasema. "Niko hapa."

Nikachutama mbele ya kiti chake. Nilitaka kumtaja mama Verediana, niseme kitu chake kimoja tu, na kichwani sikukuta ila yale maneno ya kiprogramu, yamejipanga vizuri, yananisubiri. Nikayaacha. Nikamshika mikono.

"Pole, baba."

Akangoja niendelee. Sikuwa na kingine.

"Asante," akasema. "Hiyo ndiyo ya kwanza."