Mjomba Shakuru Kabla ya Dunia

Nianze kwa kusema kwamba mimi sina hasira za bure. Hasira zangu zote huwa na sababu, na zile za wiki ya Mjomba Shakuru zilikuwa na sababu mbili: mjomba mwenyewe, na shefu wangu wa kazini, Valéry.

Jina langu Fadhila, nasoma habari kwa Kiswahili kwenye redio moja ndogo hapa Bujumbura. Studio iko Kinanira, huko juu kwenye upepo. Nyumbani ni Buyenzi, huku chini kwenye joto na kelele. Kila jioni isipokuwa Jumapili, robo kabla ya saa kumi na mbili, naanza na dunia: marais waliokutana wakanuniana, bei ya petroli, mafuriko ya Asia, mpira wa Ulaya. Dunia ikiisha ndipo nasoma ajenda, yaani burudani za mji wetu, nani anapiga muziki wapi, mchezo gani wa kuigiza umeingia, ngoma zinapigwa uwanja gani. Zamani habari zilikuwa saa moja usiku. Mwezi wa tisa Valéry akazirudisha nyuma, eti tuwakute watu wakitoka kazini. Akaandika, akasaini, akabandika ukutani.

Mjomba Shakuru, kaka yake mama, ni fundi wa magari kwa riziki na mpiga gitaa kwa moyo. Orkesta yake inaitwa Avenue ya Nane, barabara tunayokaa. Yeye ndiye aliyenifundisha kusimama mbele ya watu. Nilipokuwa mtoto, akifanya mazoezi uani, mimi nilichukua mwiko wa mama nikaufanya mikrofoni na kutangaza kila wimbo: na sasa, mabibi na mabwana. Mama alikuwa analilia mwiko wake, mjomba anamwambia amwache mtoto, sauti anayo. Kwa hiyo nikisema nampenda mjomba wangu kuliko kazi yangu, nieleweke.

Mwaka huu, baada ya kimya kirefu, alipata ukumbi mdogo karibu na soko kwa matinée mbili, yaani maonyesho ya mchana, Jumapili mbili zinazofuatana, saa kumi, baada ya swala ya Alasiri. Nikamwambia asihangaike na mabango, mi nipo. Nikamsoma kwenye ajenda kila jioni, tena kwa sauti ile ninayowawekea watu wa harusi. Jumapili ya kwanza ikafika. Waliokuja walienea kwenye benchi mbili, na ya mbele ilikuwa sisi familia.

Alipiga nyimbo zote mpaka mwisho, akafunga gitaa kwenye mfuko wake, akaenda zake. Kesho yake nikapita kwenye karakana. Alikuwa chini ya gari, akaongea nami akiwa huko huko, naona miguu tu. Akasema ameulizia mtaa mzima. Fundi viatu, kinyozi, Sijaona muuza sambusa, wote wanasikiliza redio yangu, wote wanasifu jinsi nilivyoeleza ile roketi iliyokwenda mwezini. Jina la Shakuru hakuna aliyelisikia.

"Mi nimekuelewa, mwanangu," akasema. "Umekuwa mutu wa Kinanira sasa. Unaona haya kutaja mujomba nyuma ya marais."

Niliapa. Niliapa kwa Mungu na kwa mwiko wa mama. Yeye akasema si kitu, imebaki Jumapili moja. Kuna kundi la wanafunzi wa Kamenge wanaolitaka gitaa lake siku nyingi. Ukumbi ukiwa mtupu tena, atawapa walichukue, yeye abaki na spana zake. Halafu akaanza kugonga chuma huko chini, maana yake niondoke.

Jamani, nilikasirika. Nilikwenda moja kwa moja kwa Sijaona nikamuuliza kama masikio anayo au anafungia kilemba tu. Akasema yeye hunisikiliza mwanzo mpaka mwisho. Mpaka mwisho kabisa? Mpaka mwisho kabisa, na sambusa ngapi anifungie. Nikaondoka bila sambusa, na hiyo kwangu ni hatua kubwa.

Nikamshuku Elsa, fundi wetu wa sauti, labda anakata matangazo kabla sijamaliza. Elsa hakuchukia, akanifungulia kanda za wiki nzima. Shakuru yumo, kila siku, wazi kabisa. "Sha, mwenzangu, umesoma, na umesoma vizuri," akasema, akarudi kwenye mashine zake. Nikaenda kwa Valéry kuomba tangazo lirudiwe asubuhi. Valéry si mtu mbaya, ila hufunga tai kwenye joto hili, ukijua hivyo umeshamjua. Akasema ajenda ina saa yake.

Ijumaa gari la redio likakosa petroli, na petroli mji huu siku hizi unaipata kwa bahati. Valéry akaamua turekodi habari mapema, kila mtu ajitafutie njia ya kurudi. Ndivyo nilivyojikuta niko nyumbani, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa, saa ya habari zangu mwenyewe.

Mama alikuwa mkekani anachambua maharage, redio iko kwenye kigoda. Nikakaa, nikanyoosha miguu, nikajisikiliza. Sauti yangu ilikuwa inatoka kila mlango wa avenue: kwetu, kwa kinyozi, hata kwa jirani yetu Odette ambaye ni Mkatoliki. Niliona raha, siwezi kuficha. Marais wakapita, mafuriko yakapita, mpira ukapita. Nikajisikia nikisema: "Na sasa, ajenda ya burudani. Jumapili hii, katika ukumbi..."

Adhana ya Magharibi ikaanza msikitini. Mkono ukanyooka, ukazima redio. Mkono wenyewe ulikuwa wangu.

Nikabaki nimekishika kile kitufe. Avenue nzima ilikuwa kimya. Kwetu adhana haishindani na redio, hilo hakuna anayekufundisha, unakua nalo. Hata Odette huzima, kwa ujirani tu. Na ikiisha, watu wanatawadha, wanaswali, wanakula. Nani atakumbuka kuwasha tena? Studio yetu ya Kinanira imezibwa kwa magodoro na trei za mayai, adhana haiingii hata kwa bahati mbaya. Na mimi, mtoto wa Buyenzi, niliyezima redio saa hiyo maisha yangu yote, sikuwaza hata siku moja kwamba namzima mjomba wangu. Nikacheka mpaka mama akaniuliza kama naumwa. Halafu nikakumbuka kwamba imebaki Jumamosi tu, kicheko kikaniisha.

Jumamosi nikamwomba Valéry tuanze na ajenda, dunia ifuate. Nikamweleza habari ya adhana. Akasema hiyo ni dakika chache, watu watawasha tena. Nikamwambia shefu, Buyenzi huijui. Akavua miwani.

"Fadhila, kuna vita, kuna njaa, wakubwa wa dunia wanagombana juu ya tabianchi, we unataka nianze na gitaa? Apana. Soma vile imeandikwa."

Nikaingia studio na karatasi zangu, dunia juu, Shakuru chini. Elsa akainua kidole nyuma ya kioo. Akilini nikaiona ile miguu ya mjomba chini ya gari. Basi nikachukua karatasi ya chini nikaiweka juu.

"Habari za jioni. Habari yetu kubwa ya leo inatoka Buyenzi."

Nikamsoma Shakuru mzima, orkesta, ukumbi, siku na saa. Nikaongeza kwamba kama hamkumsikia wiki iliyopita, kosa si lake. Ndipo nikaingia duniani. Elsa alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Taa nyekundu ilipozimika, Valéry alikuwa ameshafika mlangoni. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema Jumatatu nije ofisini kwake na kadi yangu ya kazi.

Jumapili sikula mchana. Kabla ya saa kumi benchi zilikuwa zimejaa, watu wakaanza kuvuta makreti ya soda wayakalie. Akina mama wa avenue wamevaa vitenge vya sikukuu. Sijaona na beseni lake la sambusa. Mama mmoja alitoka Buterere na watoto wake, kwa miguu. Wanafunzi wa Kamenge nao walikuja kulifuata gitaa, wakakosa pa kukaa. Mjomba alichungulia, akarudi ndani, akachungulia tena.

Baada ya wimbo wa pili Sijaona akasimama na kusema kwa sauti ya sokoni kwamba jana nilianza na Shakuru, sawa, lakini adhana iliwakuta dunia haijaisha, sasa iliishaje? Ukumbi mzima ukacheka, ukadai habari. Mjomba akaniita kwa kidevu, akanipa mikrofoni, akaanza kupiga taratibu nyuma yangu.

Nikasoma dunia kutoka kichwani. Wakubwa wameahirisha kuelewana, watu wakaguna. Nilipofika kwenye mafuriko ya Asia wakasema pole, na yule mama wa Buterere akasema kwa nguvu kuliko wote, maana kwake maji huingia ndani kila masika. Mpira ukagawa ukumbi katikati. Hapo ndipo nikamwona Valéry mlangoni, hana tai, na mkewe Danielle amemshika mkono anamvuta ndani. Nikamalizia hivyo hivyo: "Na sasa, mabibi na mabwana, Shakuru."

Watu wakacheza. Danielle alicheza, Odette alicheza, mama yangu alicheza akisema goti linamuuma. Kisha, katikati ya wimbo mtamu kuliko zote, adhana ya Magharibi ikaita. Mjomba akalaza kiganja juu ya nyuzi. Ngoma ikakoma. Aliyeinua mguu akaushusha. Huko nje redio za soko zikazimika, moja baada ya nyingine, mpaka mtaa wote ukabaki na ile sauti moja. Valéry akageuka kusikiliza huko nje. Akatazama saa yake. Akanitazama mimi.

Ilipoisha, watu wakaanza kutoka kwenda kuswali. Akanisogelea.

"Kila siku ni hivi?"

"Kila siku, shefu. Tangu usaini ile karatasi."

Akajifuta uso. Akasema kuanzia kesho habari zinarudi saa moja usiku, dunia na Buyenzi wote wasikilizwe. Nikamuuliza habari ya kadi. Akasema nije nayo, nitaingiaje bila kadi.

Wanafunzi walikuwa wanangoja karibu na jukwaa. Mjomba akawaambia hili gitaa bado lina kazi, lakini wakija Jumapili ijayo kuna spika za kubeba. Kisha akasimama mbele yangu, shati limelowa jasho, akasema nimsamehe, alidhani namwonea haya.

Nikamwambia ukweli. Ijumaa, jina lake lilipokaribia kutajwa, aliyezima redio ni mimi, kwa mkono huu. Mjomba akacheka mpaka akaegemea ukuta, akasema angenishangaa kama nisingezima. Akanivalisha mkanda wa gitaa begani, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu, akaenda kutawadha.