Bahasha za Jumamosi

Fundi alikuwa ametimiza siku tisini na moja bila kuonja pombe, na katika siku zote hizo hakuna noti iliyolala mfukoni mwake. Ndivyo alivyojiwekea sharti. Pesa ikimkaa mkononi, miguu yake ilijua zaidi njia ya baa kuliko njia ya nyumbani. Kwa hiyo kila Jumamosi, akilipwa kwenye duka la kushona sare za shule alikofanya kibarua, alipokea bahasha na kumpelekea dada yake mkubwa bila kuifungua. Dada ndiye aliyekuwa atoe ya kodi na ya chakula, iliyobaki alipe deni. Cherehani ya Fundi mwenyewe iliwekwa rehani baa, kwa miaka miwili ya "niandikie nitalipa," na bila cherehani hiyo angezeeka akishonea wengine.

Risiti hakuwahi kuomba. Mlevi wa juzi aanzie wapi kumdai risiti mtu anayemlisha? Kila alipouliza, Dada alimjibu, "Bado kidogo, mdogo wangu. Lakini huko usikanyage, utateleza." Akatii. Akawa anazungukia mtaa wa nyuma ili asilione hata bango la baa.

Jumamosi hiyo mwenye baa akaja dukani mwenyewe, mapazia begani, anataka yapindwe. Walevi walimwita Shemeji, maana mishahara yao yote ilikuwa imeolewa kwake.

"Kunisusa mimi sawa, Fundi," akasema. "Na deni nalo unalisusa? Cherehani naiuza Jumatatu. Mnunuzi ninaye."

"Si Dada analipa?"

"Dada gani? Tangu uache kuja sijaona hata senti."

Fundi akacheka. Kisha akaona mwenzake hacheki.

Alimkuta Dada barazani anachagua mchele. Juu yake bati jipya liling'aa, bati ambalo Fundi alilisifia kwa kinywa chake mwenyewe.

"Dada, Shemeji kaja kazini."

Mikono ya Dada ikasimama juu ya ungo. Hakukana, na hilo nalo lilimuuma.

"Ulikuwa hujawahi kuvuka wiki tatu," akasema. "Mara nne umeacha, mara nne umerudi. Nikasema, nimlipe yule, halafu wewe ukakope upya? Bora iingie kwenye bati. Ukirudi kunywa, nani angeuliza?"

"Na nisiporudi?"

Dada akainamia mchele. Hapo Fundi akaelewa. Tangu wiki ya nne, huyu aliyemmiminia chai kila jioni na kumpa hongera alikuwa anamsubiri aanguke. Kuanguka kwake tu ndiko kungefunika siri ya Dada. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba kinaweza pia kukutilia sukari.

"Nipe hiyo ya leo nianze kumlipa," Dada akasema kwa upole, mkono mbele. "Kwa hasira hizo utaenda kuinywa."

Kibaya ni kwamba hakukosea. Koo lilikuwa limeshakauka. Fundi akaondoka na bahasha yake, pesa na hasira mfuko mmoja, akapita barabara kubwa mpaka usawa wa lile bango la baa. Ilikuwa saa nane mchana. Akasimama ng'ambo ya barabara, akaita.

Shemeji akatoka akijifuta mikono, akavuka. "Ingia ukae nikuandikie."

"Niandikie hapa hapa."

Aliifungua bahasha kwa meno. Akatoa ya kodi na ya chakula, iliyobaki yote akampa. Shemeji akahesabu, akaandika risiti juu ya paja.

"Lete hivi kila Jumamosi, cherehani haiuzwi."

"Mbona hukuja kudai mapema?"

"Nilijua utarudi mwenyewe. Wiki ya pili, ya tatu, nakungoja. Wiki ya tano nikakata tamaa. Kiti chako nikampa mtu mwingine. Nikawaambia jamaa, huyu hatumpati tena."

Wiki ya tano. Muuza pombe alikuwa amemwamini tangu wiki ya tano.

Fundi akalia pale pale juani, risiti mkononi. Shemeji alikuwa amemwona akilia mara nyingi, lakini siku zote akiwa amelewa, na kilio hiki hakujua akifanyeje. Akarudi ndani, akafunga mlango ili harufu ya pombe isimfikie.