Mbili Iliyo Chini ya Tano

Harufu ndiyo iliyomfikia kwanza. Nyanchama alikuwa chumba cha kufulia, mikono imo ndani ya mashine, akasikia ile dawa ya kung'arishia vyombo. Hiyo haikumshtua, kwa maana yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza. Kilichomshtua ni Phoebe kuchelewa kuimba. Phoebe huimba kazi ikiisha, na sinia na birika vilitaka nusu saa tu, si saa nzima.

Akaenda mezani. Sinia liling'aa. Birika la kahawa liling'aa. Na pale pembeni, juu ya kitambaa cheusi, sarafu moja nayo iling'aa kama kifuniko cha soda.

"Phoebe. Hii umeifanya nini?"

"Nimeisugua, nyabo. Ilikuwa nyeusi, hiyo! Imenitoa jasho kuliko sinia." Phoebe alicheka, kisha akamtazama usoni, akaacha kucheka. "Si wewe ulisema?"

"Nilisema nini?"

"Sugua fedha yote iliyo mezani."

Ni kweli. Alisema hivyo hivyo. Wiki ya kwanza Phoebe alipofika kutoka Uganda, walifurahi kugundua kwamba fedha ya Kiswahili na ffeeza ya Kiganda ni ndugu wa tumbo moja, na tangu hapo vyombo vya silva vikawa fedha. Sarafu za Baba, mwajiri wao, Nyanchama aliziita nusu, kwa sababu kila moja ilikuwa nusu dola. Lakini jina hilo lilikuwa lake na Baba. Hakuwa amemfundisha Phoebe.

Baba Samir alikuwa Mlebanoni, mhandisi mstaafu, mjane, mwenye nyumba hii ya ghorofa ya kumi na mbili hapa The Pearl, mtaa wa kando ya bahari katika nchi ya Waarabu. Alisomea Amerika ujanani, na huko akashikwa na ugonjwa wa nusu dola za zamani, zile za miaka mia mbili iliyopita, wakati mihuri ya kupigia sarafu ilipochongwa kwa mkono. Mkono wa mtu haurudii. Muhuri huu nyota imeinama, ule namba imesogea, mwingine umepasuka ukaacha uzi uliotuna kwenye kila sarafu iliyopigwa nao. Wengine hukusanya miaka. Baba alikusanya mihuri. Sasa macho yake yalikuwa yameharibika katikati. Aliona fremu ya mlango, asione uso wa anayeingia. Kwa hiyo miaka mitatu sasa Nyanchama, aliyeishia darasa la nane, ndiye aliyeshika kioo cha kukuzia na kumsomea. Ufunguo wa droo ya sarafu ulining'inia shingoni mwake, chini ya sare.

Na hii iliyosuguliwa ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Ya mwaka 1807. Upande wa nyuma, chini ya ndege tai, palipaswa kuandikwa 50, yaani senti hamsini, fundi akakosea, akagonga 2 badala ya 5. Hakuutupa muhuri. Alipiga 5 juu yake, akaendelea na kazi. Lakini ukitega taa vizuri, utaiona ile mbili inachungulia chini ya tano, kama mtoto nyuma ya pazia.

Leo saa kumi alikuwa anakuja Bwana Trevor, Mmarekani wa ofisi za West Bay, na nusu moja ambayo Baba ameitafuta miaka kumi na mmoja. Wabadilishane. Baba alikuwa ameitoa ya 1807 mapema, akaishika shika mezani, kisha akaenda kujinyoosha. Sharti la Bwana Trevor lilikuwa moja: sarafu iwe na ngozi yake ya zamani, ule utandu wa kijivu uliopauka kuwa buluu. Sarafu iliyosuguliwa hataki hata kuiona.

Ilikuwa saa tisa na robo.

"Watanirudisha ofisini kwa wakala," Phoebe alisema. Mwezi wake wa tatu wa majaribio ulikuwa haujaisha. Wakala aliweza kumpandisha ndege kwa simu moja tu. Na aliyemwombea kazi hii ni Nyanchama.

"Nyamaza kwanza, nifikiri."

Laban, dereva, akaingia na boksi la tende. Alitazama meza, akawatazama wao, akapiga mluzi mdogo. "Hii mmeiogesha na Vim ama?"

"Usitutanie, Laban."

"Sikutanii, dada yangu. Kwani kwa ile droo hakuna ingine ya mwaka huo?"

Nyanchama aliitazama droo. Ilikuwepo. Ya 1807 vilevile, nyeusi vilevile, ila ya muhuri mwingine, 50 safi isiyo na kitu chini yake.

"Si basi," Laban alisema. "Weka hiyo. Mzungu ataangalia, atasema siyo, ataenda zake. Baba ataona ni yeye alichanganya droo. Mzee wa miaka sabini na sita, haoni, nani atashangaa? Hii mnaificha polepole. Hakuna mtu anapelekwa ofisini."

"Na Baba?"

"Baba atasikia vibaya siku mbili. Phoebe atasikia vibaya akiwa Entebbe. Chagua."

Phoebe alikuwa ameshika kile kitambaa cha kusugulia, amekikunja mara nne, mara nane, hadi kikakataa kukunjika.

Nyanchama akautoa ufunguo shingoni.

Bwana Trevor alifika kabla ya saa kumi, mrefu, shati limelowa mgongoni kwa joto la hatua chache tu kutoka kwenye gari. Kahawa ikamiminwa. Nyanchama alisimama nyuma ya kiti cha Baba kama kawaida, na katika mfuko wa aproni sarafu iliyosuguliwa, ndani ya karatasi ya shashi, ilimgonga pajani kila alipohema.

Mgeni aliinyooshea mkono ile ya mezani. Baba akamzuia.

"Kwanza isomwe. Ndiyo desturi ya nyumba hii." Akageuza kichwa upande, kama afanyavyo akitaka kumwona mtu kwa pembe ya jicho. "Soma, ya binti." Ndivyo alivyomwita kwa Kiarabu, ewe binti yangu.

Hilo Nyanchama hakulifikiria. Laban hakulijua, na yeye alilisahau, yeye aliyelifanya kila Ijumaa kwa miaka mitatu.

Alikaa. Akavuta taa. Akaishika kwa kingo, vidole viwili.

"Mwanamke mwenye kofia," alisoma. "Nyota saba mbele ya uso. Sita nyuma. Mwaka elfu moja mia nane na saba."

"Geuza."

Akageuza. Tai. Mishale. Ngao. Angeweza kuendelea kwa kichwa tu, maneno aliyajua kama sala: tano, na chini yake shingo ya mbili. Angeyasema, na Baba angetabasamu, kisha mgeni angechukua kioo, na tabasamu lile lingekaa usoni pa mzee bila kujua pa kwenda. Kuanzia siku hiyo, Baba angeogopa mikono yake mwenyewe.

"Hamsini," alisema.

"Na chini ya tano?"

Mashine ya hewa ilivuma. Mlangoni pa jikoni, Phoebe alikuwa amesimama.

"Chini ya tano hakuna kitu, Baba. Siyo hii. Niliiweka mimi." Akatoa karatasi ya shashi, akaifungua, akamtia Baba sarafu kiganjani. "Yako ni hii."

Baba aliipapasa, akaisogeza puani. Dawa ilikuwa bado inanuka. Bwana Trevor aliinama na kioo chake, hakukaa sana.

"Pole sana, rafiki yangu," alisema. Akaifunga ile nusu aliyoileta, akairudisha mfukoni. Hakuwa na ubaya. Alimaliza hata kahawa yake. Kisha akaondoka.

Mlango ulipofungwa, Baba aliuliza kwa sauti ndogo, "Nani?"

"Kitambaa kilikuwa cha Phoebe. Neno lilikuwa langu." Akamweleza kwa ule mchanganyiko wao wa Kiingereza na Kiarabu cha jikoni: alisema isuguliwe fedha yote, akimaanisha vyombo.

"Fedha," Baba alirudia. "Fadda. Hilo ni neno letu." Aliigeuza sarafu, akaigeuza tena. "Na kwenu ni nini?"

"Ni hiyo fadda. Na ni pesa pia."

"Neno moja, kazi mbili. Basi msichana alitii." Alimgeukia Phoebe bila kumwona. "Rudi jikoni. Hakuna atakayepiga simu."

Phoebe alisema asante kwa Kiganda.

"Lakini kubadilisha," Baba alisema, na sasa alikuwa anamwambia Nyanchama peke yake, "hilo halikuwa neno."

"Hapana, Baba."

Akanyoosha mkono. Nyanchama alivua ufunguo, akauweka pale. Shingo yake ilihisi baridi mahali ulipokuwa.

Ijumaa iliyofuata Baba aliifungua droo mwenyewe. Alilitafuta tundu kwa kidole, ufunguo ukateleza, akaanza upya. Nyanchama alisimama karibu, mikono nyuma, akaiacha mikono yake hapo hapo. Mwishowe ikafunguka.

"Kaa," Baba alisema. "Soma."

Ilikuwa ile. Chini ya kioo, ngozi yake yote ilikuwa na mikwaruzo midogo midogo, kama sufuria. Alimsomea mikwaruzo yote, hakupunguza hata mmoja. Kila mahali kitambaa kilipopita, alipataja.

"Na mbili?"

Aliitega taa.

"Ipo, Baba. Inachungulia."

Mzee alisukuma bahasha ndogo ya sarafu upande wake, na kalamu. "Andika: imesuguliwa. Na tarehe."

Akaandika, kwa mwandiko wake wa darasa la nane, herufi moja moja. Baba akaifunga sarafu ndani, akaifunga droo, na ufunguo akautia mfukoni mwake.

"Ijumaa ijayo," alisema, "tutaanza na za 1808."