Maana ya Pili

Barua ilimfikia Zipporah Jumatatu, akiwa bado amevaa sare, miguu imevimba kwa kuzunguka nyumba za wazee tangu alfajiri. Aliisomea jikoni, katika nyumba ya Walthamstow ambako wapangaji sita waligawana jiko moja. Kampuni ilimtaka afike ofisini Croydon siku ya Alhamisi, *to depose* kuhusu kifo cha Mzee Eddie.

Kiingereza alikijua, hata mtihani wake aliufanya na kuufaulu. Neno hilo ndilo lilimshinda. Kamusi ya simu ikamjibu: kuuzulu, kumwondoa mtu madarakani. Hakusoma zaidi.

"Kwani wewe ni mfalme wa wapi?" Maureen alimcheka. Walifanya kazi kampuni moja na kulala chumba kimoja. "Taji lenyewe ni glavu! Nani akuuzulu?"

Alicheka bila kumtazama. Zipporah akaliona hilo, akaliweka moyoni. Visa yake ilishikwa na kampuni. Wakimfukuza, angepewa siku sitini za kutafuta mwajiri mwingine au kurudi Kitale, kwa watoto waliokuwa wakisomeshwa na mgongo wake.

Alijua kosa walilotaka kumtwika. Mzee Eddie alikuwa mzito, na mashine ya kumwinua kitandani hutaka watu wawili. Siku ile alitumwa peke yake. Alipiga simu ofisini, na Vinod, meneja, akamjibu, "Endelea tu, dada. Utamwacha mzee kwenye mkojo?" Mkanda ukateleza. Mzee akaanguka, na wiki iliyofuata akafa.

Alhamisi Vinod alimpokea kwa chai. Alizaliwa Kisumu, na Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko alivyotaka Zipporah siku hiyo.

"Mnaniondoa?" akauliza kabla ya kukaa.

Vinod alipoelewa, alicheka mpaka akapangusa macho. "Dada, hiyo ni maana ya kwanza. Hapa ni maana ya pili. Kutoa ushahidi kwa kiapo. Ni hivyo tu."

Zipporah alishusha pumzi, akajionea haya. Kisha akasogezewa karatasi. Ushahidi wake ulikuwa umeshaandikwa.

"Hapa inasema tulikuwa wawili."

"Mlikuwa wawili."

"Na nani?"

"Maureen. Ameshaapa jana."

Vinod akamwonyesha karatasi ya Maureen. Zipporah aliitazama sahihi ya mwenzake, ile M yenye mkia mrefu. Jana usiku walikula ugali sahani moja. Hasira ilimpanda, lakini ikachanganyika na kitu kibaya zaidi: alielewa. Visa ya Maureen nayo ilishikwa na kampuni.

"Nilikupigia simu, Vinod. Ukaniambia niendelee."

"Nani alisikia?" Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. "Sikiliza. Ukisema ulikuwa peke yako, wewe ndiye uliyevunja sheria. Mtu mmoja haruhusiwi kugusa ile mashine, na training ulifanya. Ukisema mlikuwa wawili, basi ni ajali. Ajali haina mwenyewe. Mimi nakusaidia, dada."

"Na mtoto wa mzee? Ataambiwa nini?"

"Ataambiwa baba yake alihudumiwa vizuri."

Katika chumba cha pili alikaa wakili, mzungu kijana mwenye mafua, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaapisha watu. Vinod alibaki nje. Wakili akamuuliza kama ameisoma karatasi, kama maneno ni yake, kama kuna mtu aliyemlazimisha. Aliuliza yote matatu kwa mkupuo, huku akitafuta kitambaa cha kupenga kamasi.

Zipporah aliufungua mdomo. Nyuma ya mlango aliisikia sauti ya Vinod ikimkaribisha mtu mwingine kwa chai.

"Yes," akasema. Akashika Biblia, akaapa, akatia sahihi.

Wakili alikuwa bado anagonga muhuri simu ya Zipporah ilipolia. Ofisi ilikuwa imemtumia zamu ya kesho. Saa moja asubuhi, Stratford, mgonjwa mpya: Bi Kalpana, kilo tisini na tano, amepooza. Mashine ya kuinulia. Wahudumu wanaohitajika: wawili.

Wa kwanza: Zipporah.

Wa pili: pameachwa wazi.