Dakika Tatu na Nusu za Mjomba Fransisko

Wameniita kikao kwa sababu nilimgusa mama mkwe wangu kifua. Hayo ndiyo mashtaka, wala sitanii. Mama Agnes yu hai, na ukoo mzima umepanda gari kuja hapa Bigwa kujadili mikono yangu.

Kwa watu wa mke wangu, mkwe wa kiume hamsogelei mama mkwe. Miaka kumi na minne nimemsalimia kwa mbali, macho chini, na chakula nimekula chumba kingine. Sikuona tabu, heshima ni heshima. Lakini Jumamosi ile ya kipaimara cha binti yetu Pendo, Mama Agnes alikuwa anagawa pilau, sahani ikamponyoka, akaanguka chali. Nikamwita, hakuitika. Alikoroma mara moja, kifua kikatulia.

"Anapumua huyo, kachoka tu," akasema mtu.

Hakuwa anapumua. Nilijua, maana mimi ni fundi umeme wa chuo cha jirani, na mwezi wa tano tulifundishwa watu wanane, siku mbili, kwa sanamu ya mpira. Mtu akianguka, haitiki, hapumui sawasawa au anakoroma tu, unabonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, na mwenzako anafuata mashine ya kushtua moyo. Mwalimu alisema mkikaa mnatazamana, ubongo unakufa. Niliyaandika yote kwenye daftari.

Nikamtuma Athumani, mlinzi wetu wa chuo aliyekuja kwenye sherehe, akafuate mashine chuoni. Akarukia pikipiki bila kuuliza swali, Mungu ambariki. Kisha mimi, msomi wa siku mbili, nikapiga magoti karibu na Mama Agnes, nikanyanyuka tena. Nikaanza kuangaza macho nimpate mwanamke wa kumwelekeza abonyeze badala yangu. Naona aibu kulisema, lakini ndivyo nilivyofanya.

Wengine walikuwa na kazi zao. Mmoja akammwagia maji. Mwingine akamnusisha kitunguu. Jirani yetu Rashidi alikuwa keshatoa simu, anarekodi. Na nilipoamua hatimaye kuweka mikono, Mjomba Fransisko, kaka yake mgonjwa, ambaye neno lake ndilo la mwisho katika ukoo, akanikumbatia kwa nyuma na kunivuta.

"Severin, una wazimu? Huyo ni mkweo."

"Mjomba, moyo umesimama."

"Basi itafutwe gari. Usituletee laana hapa."

Wajomba wengine wawili wakamsaidia kunishika. Watu wazima watatu, wenye nguvu za kulima, na hakuna hata mmoja aliyeweka nguvu hizo kifuani kwa dada yao.

Mke wangu Editha alitokea jikoni mbio. "Mjomba, nimekuheshimu tangu nizaliwe. Leo mwachie mume wangu." Akambandua vidole kimoja kimoja. Wanawake wakavua vitenge, wakatuzungushia ukuta, nami nikabonyeza. Nilisikia mbavu zikilia. Nikaendelea, nikihesabu kwa sauti, na nilipochoka Editha akapokea. Athumani akaja, tukakata blauzi, tukabandika vibandiko viwili kifuani. Mashine yenyewe inaongea Kiingereza, kwa hiyo Athumani akawa anaitafsiri kwa kufoka: "Sogeeni! Asimguse mtu!" Ikapiga. Tukabonyeza tena. Ikapiga mara ya pili, na Mama Agnes akavuta pumzi akasogeza mkono.

Alilazwa wiki tano. Leo ndiyo kikao, naye amekalishwa pembeni kwenye mkeka.

Mjomba Fransisko ameomba video ya Rashidi iwe ushahidi. Akaipeleka mbele moja kwa moja hadi kwenye mikono yangu, akawazungushia wazee simu. "Oneni wenyewe. Atoe mbuzi wa kutakasa."

"Nitatoa," nikasema. "Ila tuitazame tangu mwanzo."

Hakupenda, ila wazee wakataka. Tukatazama. Yule mwenye maji. Yule mwenye kitunguu. Mimi nikipiga magoti na kunyanyuka kama mjinga. Mjomba akinivuta, wenzake wakinishika, na chini ya kioo namba zikienda: dakika moja, mbili, tatu. Tatu na nusu ndipo mikono yangu inafika kifuani. Nimekasirika hadi meno yananiuma, na sehemu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Pendo akapita na birika. Mama Agnes amemlea mtoto huyu tangu ana miaka miwili, kamfundisha kusali na kusuka ukili. Bibi akapokea kikombe, akamtazama usoni kwa upole.

"Ahsante, binti. Wewe ni mtoto wa nani?"

Pendo akajibu jina la mama yake. Bibi akatikisa kichwa, hamjui.

Mjomba akazima simu. Akakohoa, akasema turudi kwenye suala la mbuzi. Nikanyanyuka, nikaenda kukaa ubavuni kwa mama mkwe wangu, nikaushika mkono wake mbele ya ukoo wote. Safari hii hakuna aliyenishika.